Sufuria za Darby: chuma, makaa na kilichotokea Coalbrookdale mwaka 1709

Wiki hii yote nina jambo moja tu kichwani, na kwa kuwa mwenzangu wa chumbani kanipiga marufuku kutaja neno "tanuru" baada ya saa nne usiku, basi nawamwagia ninyi.

Tulipokuwa sekondari, Mapinduzi ya Viwanda yalikuja kwenye daftari kama orodha ya majina na miaka. Fulani kagundua hiki, fulani kagundua kile. Katikati ya orodha kuna mstari mmoja: Abraham Darby, 1709, kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe. Basi. Unakariri, unaandika kwenye mtihani, unapata alama yako moja, maisha yanaendelea. Sasa miezi michache ijayo mimi natakiwa kusimama mbele ya darasa kwa mazoezi ya kufundisha, na mada iliyoniangukia ni hiyo hiyo. Swali litakalokuja nalijua, maana kila darasa la Historia lazima awepo mmoja wa dawati la nyuma atakayelileta: "Mwalimu, kwa nini wao na siyo sisi?" Hilo halijibiwi kwa mstari mmoja wa desa. Ndiyo maana nimejichimbia maktaba.

Tuanze na chuma chenyewe, maana watu wa sanaa tuna tabia ya kuruka sehemu ya sayansi halafu tunabaki kusema "teknolojia iliendelea" bila kujua iliendelea vipi. Chuma kilichomo ndani ya mawe hakiko peke yake. Kimeshikana na oksijeni, ndiyo maana udongo wenye chuma ni mwekundu kama kutu, kwa sababu kwa kweli ni kutu. Chuma na oksijeni ni kama wameoana, na ndoa yao ni ngumu kuvunja. Anatakiwa mtu wa tatu ambaye oksijeni atamfuata zaidi. Huyo ni kaboni, yaani makaa.

Tanuru kubwa la kuyeyushia chuma ni mnara. Juu kuna mdomo, na kwenye mdomo huo watu wanamwaga mzigo kwa tabaka: makaa, mawe ya chuma, mawe ya chokaa, tena makaa, tena mawe. Chini kuna matundu ya upepo. Upepo unasukumwa kwa nguvu (zamani kwa mivukuto mikubwa iliyoendeshwa na gurudumu la maji) na unakutana na makaa yanayowaka. Hewa na makaa vinatoa hewa ya ukaa, ambayo ikikutana na makaa mengine ya moto inageuka kuwa monoksidi ya kaboni, ile hewa inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani. Hiyo ndiyo mfanyakazi mkuu wa tanuru. Inapanda juu kupitia kwenye mzigo na kunyang'anya oksijeni kutoka kwenye mawe. Kwa hiyo mzigo unashuka, hewa inapanda, wanakutana njiani, na biashara inafanyika humo humo.

Hapa ndipo utamu ulipo. Chuma safi kinayeyuka kwenye nyuzi joto 1,538 za Selsiasi, na matanuru ya zamani hayakuweza kukifikisha huko. Lakini chuma kinaposhuka taratibu katikati ya makaa kinakunywa kaboni. Kikishakunywa kama asilimia 4, kiwango chake cha kuyeyuka kinaanguka mpaka kama nyuzi 1,150. Yaani kaboni inakivunja chuma nguvu, kinakuwa maji. Kinadondoka chini ya tanuru, na juu yake zinaelea taka zilizoyeyuka, wazee wanaziita mavi ya chuma. Chokaa kazi yake ni hiyo: kukamata mchanga na uchafu wa mawe ili vigeuke taka nyepesi zinazoelea. Fundi anatoboa tundu la chini, chuma kinatoka kama uji mwekundu.

Kule Ulaya walikiongoza kwenye mifereji ya mchanga, mmoja mkubwa na mingi midogo pembeni, ikawa inafanana na nguruwe jike ananyonyesha wanawe. Ndiyo maana mpaka leo Waingereza wanakiita chuma cha nguruwe. Sisi tuseme chuma ghafi, wasije wanafunzi wangu wa Kiislamu wakakataa kukisoma.

Jambo moja zaidi: tanuru hili halizimwi. Likiwashwa linafanya kazi usiku na mchana, miezi kwa miezi, siku hizi hata miaka. Likipoa na mzigo ndani, umepata jiwe moja kubwa lisilo na faida kwa mtu yeyote. Maana yake unahitaji makaa yasiyokatika, maji yasiyokauka, na wateja wasioisha. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa, wa kwanza kufanya hivi hawakuwa Wazungu. Wachina walikuwa wanakimimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Mwaka 31 baada ya Kristo ofisa mmoja wa Nanyang, Du Shi, aliwawekea wahunzi mivukuto inayoendeshwa kwa maji. Karne ya 11, wakati wa ukoo wa Song, tayari walitumia makaa ya mawe, na kuna mwanahistoria, Robert Hartwell, aliyekadiria kwamba mwaka 1078 China ilizalisha kama tani 125,000 za chuma. Wengine wanabishia hesabu yake, lakini hata ukiikata nusu bado ni nyingi kuliko alizozalisha Mwingereza wa mwaka 1720, ambazo zinakadiriwa kuwa kama tani 25,000. Huko Ulaya matanuru ya aina hii yanaonekana Sweden, sehemu iitwayo Lapphyttan, kati ya karne ya 12 na ya 14. Uingereza yakafika mwishoni mwa karne ya 15. Kwa hiyo Darby hakuvumbua tanuru. Alilikuta.

Abraham Darby alizaliwa 1678. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, lile lile lenye waumini wengi magharibi ya Kenya. Kwa wakati ule Marafiki walifungiwa vyuo vikuu vya Uingereza na ofisi za serikali kwa sababu hawakukubali viapo vya kanisa la taifa, hivyo vijana wao waliishia kwenye biashara na ufundi. Darby alijifunza kazi Birmingham kwa mtengenezaji wa vinu vya kusagia kimea, kile cha kupikia pombe. Watengeneza kimea kule walikuwa wanakausha nafaka yao kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza bila hewa ya kutosha, ili moshi wa kibiriti usiharibu ladha ya pombe. Makaa hayo yanaitwa koki (siyo koki ya bomba, jamani). Mimi sina ushahidi kwamba Darby aliona hilo akiwa kijana akalitunza moyoni, lakini wanahistoria wengi wanahusisha mambo hayo mawili, na mimi naona inaingia akilini.

Alihamia Bristol, akaanza kutengeneza vyombo vya shaba. Shaba ilikuwa ghali. Mwaka 1707 akapata hataza ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, vyungu vyenye tumbo, vya kupikia. Mwaka uliofuata akapanga tanuru bovu lililokuwa limeachwa Coalbrookdale, bonde dogo karibu na mto Severn, na Januari 1709 akaliwasha kwa koki. Kwa hiyo ule mstari wa daftari, ukiuandika kwa ukweli wake, unasema hivi: jamaa alitaka kuuza sufuria za bei poa kwa watu wa kawaida.

Kwa nini asitumie makaa ya mawe moja kwa moja? Kwa sababu yana salfa, na salfa ikiingia kwenye chuma kinapasuka unapokigonga kikiwa cha moto. Watu walishajaribu kabla yake. Dud Dudley alidai kufanikiwa tangu miaka ya 1620, ila hakuacha biashara iliyoendelea. Kuchoma makaa yakawa koki kunapunguza salfa, na bahati ya Darby ni kwamba makaa ya bonde lile yalikuwa na salfa kidogo kuliko ya kwingine. Laiti angepanga tanuru wilaya nyingine, pengine daftari zetu zingekuwa na jina tofauti.

Sasa swali ambalo kitabu cha sekondari hakiulizi. Kama 1709 ndiyo siku ya mapinduzi, mbona kwa zaidi ya miaka 40 karibu hakuna aliyemwiga? Tumezoea kusema misitu ya Uingereza ilikwisha, wakakosa mkaa, wakalazimika. Lakini wenye matanuru walikuwa na misitu ya kukata na kuacha ichipue, mzunguko wa miaka 15 au 20, na hawakuwa wajinga wa kumaliza mtaji wao. Tatizo lilikuwa bei na ukubwa. Mkaa wa miti ni laini, ukiulundikia mzigo mzito unasagika na kuziba njia ya upepo, na huwezi kuubeba mbali. Kwa hiyo tanuru la mkaa lina ukomo wake. Hata hivyo lilikuwa linatoa chuma ambacho wahunzi walikipenda.

Na chuma cha koki hawakukipenda. Tanuru la koki lina joto kali zaidi, silikoni nyingi inaingia ndani ya chuma. Chuma cha namna hiyo kinatiririka vizuri kwenye kalibu, unapata sufuria nyembamba isiyo na matundu. Lakini ukitaka kukigeuza kiwe chuma cha kufua, yaani kukichoma upya kukitoa kaboni ili kitengenezwe misumari, majembe na viatu vya farasi, kinakula mafuta mengi na kinatoka kibaya. Soko kubwa lilikuwa la chuma cha kufua. Soko la sufuria lilikuwa dogo, na Darby alishalishika. Kwa hiyo washindani wake hawakuwa wazembe, walipiga hesabu tu. Uingereza ikaendelea kununua sehemu kubwa ya chuma chake kutoka Sweden na baadaye Urusi.

Darby mwenyewe alifariki 1717, hata miaka 40 hajafikisha. Kilichokuja kugeuza mambo ni mzunguko mmoja ambao mimi nauona ni mzuri kuliko kisa chote. Kuanzia miaka ya 1720 kiwanda cha Coalbrookdale kilikuwa kinasubu silinda za chuma kwa ajili ya injini za mvuke za Newcomen, zile za kutoa maji migodini. Injini zikawezesha kuchimba makaa ya chini zaidi, koki ikashuka bei. Halafu mwaka 1742 hadi 1743 wakaweka injini pale pale bondeni, kazi yake ni kurudisha maji yaliyokwisha kupita kwenye gurudumu yapande tena kwenye bwawa, ili mivukuto isisimame wakati wa kiangazi. Unaona? Chuma kinazaa injini, injini inarudisha maji, maji yanavuta upepo, upepo unazaa chuma. Miaka ya 1750 Abraham Darby wa pili akaanza kuuza chuma cha koki ambacho wahunzi wa kufua walikikubali, na mwaka 1784 Henry Cort akapata hataza ya njia ya kukoroga chuma kwenye tanuru la makaa ya mawe bila mkaa wa miti kabisa. Hapo ndipo hesabu zinaruka: kama tani 68,000 mwaka 1788, kama 250,000 mwaka 1806. Daraja maarufu la chuma juu ya Severn, kama tani 378, liliinuliwa 1779 na Darby wa tatu. Lilifunguliwa siku ya mwaka mpya 1781, na bado lipo.

Wadau wa Historia mtaniuliza, na Afrika iko wapi humu? Ipo, na siyo kwa kulazimisha. Bristol ya Darby ilikuwa bandari ya biashara ya watumwa, na kufikia miaka ya 1730 ndiyo iliyoongoza Uingereza. Vyombo vya shaba vya Bristol vilipakiwa kwenda Afrika Magharibi. Mapau ya chuma, mengi yakitoka Sweden, yalikuwa fedha kabisa huko Senegambia: bei ya binadamu ilitajwa kwa idadi ya mapau. Ukoo wa Goldney wa Bristol, ambao ulikuwa na pesa zake kwenye meli, ulikuwa na hisa nono Coalbrookdale. Sisemi kila sufuria ilinunuliwa kwa damu. Nasema mtaji ule na soko lile vilikuwa mji mmoja, na mwalimu anayefundisha Mapinduzi ya Viwanda wiki hii na biashara ya watumwa wiki ijayo, kama vitu viwili visivyofahamiana, anawapunja watoto. Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilisema jambo hili kwa ukali katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Ulaya na Afrika, na wengi wetu tunakipitia kwa ajili ya mtihani tu.

Tuje nyumbani. Wazee wetu waliyeyusha chuma, hilo halina ubishi: Wahaya, Wafipa, Washana wa kule Upare, Wasumbwa ambao majembe yao yalifika mpaka Tabora na kutumika kama mahari. Ila tanuru lao lilifanya kazi kwa njia nyingine. Humo chuma hakiyeyuki. Zinazoyeyuka ni taka, zinachuruzika, na chuma kinabaki bonge gumu lenye vitundu kama sifongo, ambalo unalipasha moto na kuligonga mpaka linatulia. Kaboni ni kidogo, kwa hiyo chuma ni laini, kinafulika, kinapindika bila kuvunjika.

Ufipa matanuru yalikuwa marefu, kama mita 3, yanaitwa malungu, na hayakuhitaji mivukuto: urefu wenyewe ulivuta upepo. Bonge likitoka linapelekwa kwenye tanuru dogo lenye mivukuto kusafishwa. Buhaya, mwaka 1976, wazee waliokuwa hawajagusa kazi hiyo kwa miongo kadhaa walijenga tanuru upya mbele ya Peter Schmidt na Donald Avery. Shimo lilijazwa majani ya kinamasi yaliyochomwa nusu, mabomba ya udongo yakaingizwa ndani kabisa ya tanuru, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikafanya kazi. Watafiti hao walichapisha matokeo 1978, wakasema mashimo ya aina hiyo yaliyofukuliwa yana umri wa kama miaka 1,500 hadi 2,000, na kwamba hewa ilikuwa inapashwa moto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye makaa. Hilo la mwisho limebishiwa sana na wataalamu wengine.

Kwa mtazamo wangu hatuhitaji kulikuza. Nimeshaona watu wanaandika eti Wahaya waliwatangulia Wazungu kwenye kiwanda cha chuma cha pua, halafu mwanafunzi akienda kusoma anakuta ubishi, anahisi kadanganywa kwenye yote. Ukweli wa kawaida unatosha. Mkulima wa Buhaya alitaka jembe. Chuma cha Darby cha mwaka 1709, kama kilivyotoka tanuruni, hakitengenezi jembe! Kigonge kwenye jiwe kitapasuka vipande. Chuma cha Mhaya kinatengeneza jembe bila shida. Hapa hatuna ngazi moja ambayo mmoja kabaki chini na mwingine kapanda juu. Hawa waliyeyusha msimu wa kiangazi, kwa mkaa wa miti wa karibu, kwa mahitaji ya eneo lao, na wakizima hakuna hasara. Yule wa Coalbrookdale ana mashine isiyozimika, kwa hiyo ana mto wa kusafirishia, ana makaa, mawe ya chuma na chokaa ndani ya mwendo wa kutembea, ana wakopeshaji wa Bristol na bandari chini ya mto. Toa kimoja, tanuru linakufa. Kisha majembe ya kiwandani yalipoletwa huku kwa meli na reli za mkoloni, bei zao ziliwamaliza wahunzi wetu ndani ya kizazi kimoja au viwili. Matanuru ya Ufipa na Buhaya yakazimwa mwanzoni mwa karne ya 20. Huyo wa dawati la nyuma hilo ndilo jibu nitakalompa, na nitamwachia nafasi anibishie.

Kabla sijaondoka, la Liganga. Kila mtu akisikia chuma anataja Liganga na makaa ya Mchuchuma, kule Ludewa, anasema "tuna vyote viwili, tunangoja nini?" Mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China ulisainiwa 2011, fidia kwa wananchi ikalipwa 2023. Ila mawe ya Liganga siyo ya Coalbrookdale. Yana titani na vanadi. Titani kwenye tanuru la upepo inafanya taka zinakuwa nzito kama ugali, hazitoki vizuri. Wachina wenyewe walisumbuka nalo miaka mingi kabla ya kuanza kuzalisha Panzhihua mwaka 1970. Na tanuru la upepo nalo lina deni lake, kwa kila tani ya chuma cha pua kinachopitia njia hiyo kunatoka karibu tani 2 za hewa ya ukaa, ndiyo maana Port Talbot kule Wales walizima tanuru lao la mwisho Septemba 2024 na kuhamia umeme. Siku hizi tanuru moja kubwa linaweza kutoa zaidi ya tani 10,000 kwa siku moja, yaani kwa siku mbili au tatu linamaliza uzalishaji wote wa Uingereza wa mwaka 1720.

Maandalio ya somo yangu yamefika kurasa sita na kipindi ni dakika 40. Naona chokaa itabidi niipunguze, lakini sufuria sitoi.